Presha Ambayo Sikuipima

Mpendwa mshauri, Mama Ammini,

Nisaidie kabla ya Ijumaa. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume hospitalini hapa Kottayam, wagonjwa thelathini na wanne, wauguzi wawili, na Jumanne iliyopita mwenzangu Reji akaitwa chumba cha upasuaji nikabaki peke yangu, basi ilipofika saa nane mchana nikafanya tunachofanya sote tukizidiwa, nikazinakili presha za asubuhi kwenye fomu kana kwamba nimezipima, na mke wa Mzee Sukumaran, aliyepasuliwa tumbo, akaniita, "Mwanangu, mbona mzee amekuwa baridi hivi?" nami nikamjibu, "Anapumzika tu, mama," nikapita. Saa kumi na moja nilipompima kweli presha ilikuwa imeshuka vibaya, anavuja damu ndani kwa ndani, wakamrudisha kupasuliwa, na mpaka leo yuko mahututi. Hakuna anayejua. Tena kwenye semina ya kutufundisha kustahimili kazi nyingi Matroni Thankamma kanisimamisha mbele za watu, "Mwoneni Bincy! Mmoja kwa thelathini na wanne, hakuruka kipimo hata kimoja! Nyie mnalialia nini?" Sasa fomu zangu zinapelekwa kwa wakurugenzi Ijumaa kuonyesha kwamba kuanzia tarehe mosi muuguzi mmoja anatosha kila zamu, na mimi ndiye nitoe ushuhuda. Nikisema kweli watanifukuza, na vyeti vyangu halisi wamevifungia kabatini tangu waniajiri. Naogopa, Mama. Nifanyeje?

Bincy

Bincy,

Ulikuwa peke yako, na hakuna mwenye mikono ya kuwatosha wanaume thelathini na wanne. Nimekuwa muuguzi, hayo nayajua. Lakini mke wa mgonjwa alikwambia ukampuuza, na hilo silifuniki. Halafu unanililia vyeti, daktari hata hujamwambia! Aibu.

Leo hii nenda kwa daktari aliyempasua, mwambie vipimo vya saa nane ni vya asubuhi. Anahitaji kujua mzee alivuja damu kwa muda gani. Usifute kitu kwenye fomu; andika maelezo pembeni, tarehe, saa, saini. Kisha mwandikie matroni, taja idadi ya wagonjwa na kwamba uliachwa peke yako, nakala ipeleke kwa chama cha wauguzi, na barua ukaipeleke pamoja na Reji, athibitishe kwamba aliitwa. Hao hao wa chama watakusaidia kudai vyeti. Ni vyako, si vya hospitali. Huenda ukaadhibiwa. Sitakudanganya.

Ijumaa ikukute umeshasema. Ukinyamaza, tarehe mosi atapangwa msichana mmoja peke yake kwenye wodi hiyo, kwa ushahidi wako, na ikifika saa nane atanakili kama wewe, na mgonjwa wake huenda asiwahiwe.