Bonboni Imekuwa Nyama

Elisabethville, Jumanne, Novemba. Mvua tangu alfajiri. Moshi wa kiwanda umeshindwa kupanda, umelala juu ya mabati yetu.

Natangaza rasmi, kwa wote wanaohusika na wasiohusika, kwamba tangu leo saa nne za asubuhi bonboni imekuwa nyama.

Ningecheka, kama shida ingekuwa ya mtu mwingine.

Bibi yangu Monika ana mimba ya miezi minane. Tumeshazika wawili: Lusia, na mdogo wake ambaye hakungoja kupewa jina. Kila mimba, nyanya yake anapanda meli na treni toka Kabalo kutuletea mwiko: Monika asiguse kitu chochote kilichokuwa na damu, mpaka mtoto alie. Nyama hapana, kuku hapana, na samaki wa Kasenga naye kumbe ana damu. Kwa wale wawili aliushika mwiko, wakafa hata hivyo. Nyanya akasema kosa ni la sufuria, ilikuwa na harufu ya nyama ya zamani. Safari hii nikanunua sufuria mpya.

Padri akisikia atasema ni upagani. Lakini Ijumaa padri naye anatukataza nyama. Basi sisi ni Wakatoliki siku ya Ijumaa, na siku zinazobaki ni wajukuu wa nyanya.

Mimi napima vitambaa katika duka la Muhindi mmoja huko mjini, ndiye patroni wangu. Nyumbani kwake hakuna nyama wala samaki, hata yai halivuki mlango. Nilipogundua hilo nilijiona nina akili kuliko misioni nzima. Bibi ya patroni anatengeneza bonboni za maziwa na sukari, anazifunika kwa fedha, ile ya pete, nyembamba kuliko bawa la kumbikumbi, na fedha yenyewe inaliwa. Tangu vita ya Hitler haikuwa inafika. Mwaka huu imefika tena. Jumamosi ananipa chache, nazipeleka nyumbani. Wiki nzima Monika anakula bukari, ugali wetu, na matembele, halafu Jumamosi anakula fedha. Nilimwambia hata bibi ya Gavana hali fedha. Alicheka. Mwaka huu hajacheka sana.

Leo mama mkwe wa patroni, aliyefika juzi toka Rodezia, aliletewa sahani ya bonboni. Akaitazama. Akachukua kisu, akaanza kukwangua ile fedha kama mtu anayetoa magamba ya samaki. Patroni akaona nimeduwaa.

"Mama anasema hii inapigwa nyundo ndani ya utumbo ya ngombe," akaniambia. "Utumbo inakauka, inakuwa kama kitabu. Fedha inakaa katikati, unapiga, unapiga, inakuwa hewa. Weye usiogope, weye iko mtu ya nyama."

"Na ninyi, Bwana?"

"Sisi hatukuuliza."

Nilirudi kwenye vitambaa, nikakata kimoja kifupi. Nimejitetea kichwani mchana kutwa. Fedha si nyama. Fedha haina damu. Iligusa utumbo tu, tena mkavu, tena mbali, ng'ambo ya bahari. Halafu nakumbuka sufuria. Nilitupa sufuria nzima kwa ajili ya harufu, kisha nikamlisha Monika ng'ombe kwa mkono wangu mwenyewe, na mzaha juu yake.

Mimi ndiye niliyeleta.

Njia yote ya kurudi kwetu mtaa wa Kenya nilikuwa nachagua maneno. Nilimkuta amekaa, miguu yake iliyovimba ndani ya beseni la maji. Maneno niliyochagua yakapotea. Nikaanza na mama mkwe, nikamaliza na utumbo, nikasema, "Nimemuua mtoto."

Monika hakuondoa miguu majini.

"Baba Lusia," akasema. Bado ananiita hivyo. "Nani alikuambia nashika mwiko?"

Nikakaa chini.

"Bale babili nilibashikia mwiko. Bote balikufa. Huyu nikasema, acha nijaribu na nyama. Nakulaka kwa dada, kila siku bwana yake anapata posho."

"Tangu lini?"

"Tangu nyanya alipopanda treni ya kurudi."

Nilitegemea kufarijika. Sikufarijika. Mwiko ulikuwa umenipa mtu wa kumlaumu: sufuria, utumbo, Muhindi, mimi. Sasa mtoto akifa, hakuna wa kumlaumu, atakuwa amekufa tu. Na akiishi, je, itakuwa ni nyama iliyomwokoa? Nani ataniambia?

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nikauliza kama hiyo nyama ya kwa dada yake ilikuwa nzuri.

"Ngumu," akasema.