Mfalme wa Warembo

Muhuru Bay,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako omera, ndugu yangu Austine,

Pokea salamu kutoka huku mpakani. Natumai wewe, shemeji Edinah na watoto mko wazima, na kwamba goti lako limeacha kulia ukipanda ngazi. Sisi tuko. Kitambi changu kimenawiri, nywele zimenihama, na hasira niliyo nayo inatosha kukausha dagaa wa omena bila jua.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu barua pepe ndiyo iliyonifikisha hapa. Unajua Caren ni muuguzi Mbita nami nafundisha huku, na tangu mtoto wetu Terry aanze shule tumekuwa mume na mke wa likizo. Basi shule moja ya wasichana karibu na Mbita, ya binafsi, ikatangaza kwamba inatafuta mwalimu mkuu. Nikaomba. Caren alikuwa na matumaini hadi akauza kitanda chake kidogo.

Terry alinionya. Alisema, baba, huwezi kuomba kazi ya kulea wasichana mia tatu kwa anwani inayoanza na mfalmewawarembo. Nikamjibu kwamba watu wazima husoma vyeti, na kwamba miaka yote hii wanaoniandikia huko ni benki na mwajiri tu. Akanitazama kama mtu aliyevaa kaptura ya shule harusini.

Hawakuniita. Nikafunga safari mwenyewe. Katibu wa bodi yao, Bi Zilpah, mama mstaarabu, akanipa chai na ukweli. Alisema ombi langu lilikuwa juu ya mengine yote hadi alipoisoma anwani kwa sauti. Chumba kizima kikaangua kicheko. Kisha mwenyekiti, Mzee Cephas, akauliza mwanaume wa miaka arobaini na saba anayejiita hivyo anatafuta nini kwa watoto wa watu. Akaamuru niondolewe. Mimi, Austine! Nimefundisha wasichana miaka ishirini na hakuna mzazi aliyewahi kunitazama vibaya. Sasa kuna meza huko kwenu ambapo mimi ni fisi.

Na wewe unajua jina hilo lilitoka wapi. Ile harusi ya Kendu Bay, tukiwa chuo cha ualimu. Watu walikuwa wakiitupia bendi sarafu ili isimame, wajisifu au wawasifu marafiki, kama ilivyo desturi yenu. Mimi nilishinda nimekaa na soda yangu, maana kila msichana niliyemwomba kucheza alikumbuka ana kazi jikoni. Ndipo ukasimamisha bendi, ukatangaza kwamba Mkuria huyu ndiye mfalme wa warembo. Bwana harusi alicheka hadi akakaa chini. Jumatatu tukaenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, na kwa kuwa nilikuwa nikitafuta herufi kwa kidole kimoja, wewe ndiye uliyenifungulia anwani, ukachapa jina hilo. Nililipenda. Nilidhani ndio urafiki.

Sasa sikiliza. Bi Zilpah aliongeza jambo bila kujua ananipa nini. Alisema Mzee Cephas aliuliza kama kuna mjumbe anayenijua. Akasema aliyecheka kuliko wote, hadi akafuta miwani, ni mjumbe mpya, mwalimu Austine wa Kendu Bay, na kwamba ndiye aliyejibu kuwa hajawahi hata kunisikia.

Chai ilinipalia, bwana. Bi Zilpah alinipiga mgongoni akidhani ni tangawizi.

Ulikuwa unaogopa nini? Kwamba wangejua uliwahi kuwa kijana?

Terry amenifungulia anwani mpya, jina langu tupu, safi kama ya kasisi. Haitanisaidia kwa watu waliokwisha kunihukumu. Bodi inakutana tena Alhamisi, na Bi Zilpah amesema mjumbe akiomba kurekebisha maneno yake atasikilizwa. Basi simama uwaeleze yote, hata ile soda. Waambie kwamba siku ile hakuna msichana hata mmoja aliyekubali kucheza nami. Aibu hiyo ni yangu na naiweza. Hii nyingine ni yako.

Nisalimie shemeji Edinah sana. Akiuliza nimeandika nini, msomee.

Ni mimi, usiyenijua,
Magige Maranga