Neno la Pampu Namba Mbili

Shangazi, shikamoo. Barua hii ni ya Baba. Naomba umpe mkononi pamoja na kile kifurushi kidogo, halafu uendelee na shughuli zako. Akikuomba umsomee, kataa. Akinuna, mwache anune, unamjua ndugu yako. Ya kwako nitaiandika, nakuahidi.

Baba yangu, shikamoo.

Habari za huko? Mkono unaendeleaje, na kidonda kimefunga vizuri au bado kinakusumbua? Shangazi alinipigia simu akasema unakula ila huongei, unakaa tu nyuma ya nyumba unasikiliza jokofu la jirani. Akasema ulimwambia jirani kwamba jokofu lake linakufa, jirani akacheka, na siku ya pili likafa kweli. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka nikajionea aibu. Mimi sijambo, mwili hauna neno. Mengine nitakueleza.

Ila kwanza fungua kifurushi. Ni miwani yako. Uliiacha kwenye droo, chini ya daftari letu, ukadhani sitaiona. Ivae. Nimeandika kwa herufi kubwa na nimeruka mstari mmoja mmoja kama tulivyozoea, ndiyo maana bahasha imevimba hivi. Najua ulisema hutasoma tena, kwamba kichwa kizee hakiingizi kitu kipya na vidole viwili ulivyopoteza vimekufundisha hivyo. Nakuomba usome hii moja tu. Usiruke kurasa. Ukimaliza, ukitaka kuitupa miwani, itupe, sitasema kitu.

Haya, habari za hapa. Chumba kiko vilevile. Kitanda chako nimekisogeza ukutani lakini sijakitoa. Kila asubuhi natoa vikombe viwili vya chai, kimoja nakirudisha. Mkono umezoea, Baba, hausikii ninachouambia.

Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu sana. Anasema tangu maji yaanze kutoka saa zote amekuwa mgeni kwenye mtaa wake mwenyewe. Zamani kwenye foleni ya ndoo alikuwa anajua nani kaolewa, nani kagombana, nani anaumwa. Sasa kila mtu ana bomba lake ndani na mlango wake. Juzi alinishika mkono akaniambia nyie watu wa mitambo mmetuletea maji, ahsanteni, mgongo wangu umepona, lakini mbona sijaongea na mtu tangu Jumapili? Nikakaa kwake saa nzima namkatia nyuzi.

Na kazini ndiyo usiseme. Unakumbuka mlikuwa tisa mle ndani, mnapigiana kelele juu ya pampu, mnataniana, mnabishana mpira? Sasa zamu moja mtu mmoja. Nakaa mbele ya kioo cha kompyuta, namba zinapanda, namba zinashuka, pampu zinajiwasha na kujizima zenyewe. Zikilala, kimya kinakuwa kikubwa mpaka nasikia saa yangu ya mkononi. Wiki iliyopita nilijikuta naiaga pampu namba mbili wakati wa kutoka. Mlinzi wa getini akanisikia. Sasa hivi nikipita ananiuliza, "Profesa, mwenzio kajibu?" Bado wananiita Profesa wa Simu, kwa sababu kila kitu nilijifunzia kwenye simu. Zamani jina hilo lilinifurahisha.

Baba, nataka tukumbushane kidogo, nina sababu.

Miaka thelathini na moja umeziendesha zile pampu kwa sikio. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini kwenye sikio, unafumba macho, unasema beringi hii ina wiki mbili. Na inakuwa wiki mbili. Ndiyo maana wakakuita Mzee Sikio. Halafu likaja kabati jipya la umeme, na tangazo ukutani kwamba asiyeweza kusoma hatagusa mtambo. Wenzako wa umri wako wakachukua mikoba yao wakaenda. Wewe ukaja nyumbani ukaweka daftari mezani ukaniambia, "Mama, haya, nifundishe." Unaniita Mama kwa sababu nimebeba jina la bibi, lakini siku ile niliona kama kweli umekuwa mtoto wangu.

Miezi minane, Baba! Kila asubuhi kabla ya zamu. Ulikuwa unagonga silabi mezani kwa spana, sa-bu-ni, sahani zinaruka, jirani anagonga ukuta. Sabuni ndilo neno la kwanza ulilosoma bila mimi, kwenye karatasi yake, bafuni, ukatoka na povu kichwani kuja kuniambia. Na ile NGWA ilivyokutesa! Ulisema aliyebuni NGWA hakuwa na kazi ya kufanya. Lakini ukaishinda.

Na mimi, msaidizi mdogo palepale kituoni kwenu, nikataka kukufurahisha. Maandishi ya kwenye kabati yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nikamwambia Mhandisi, yule tunayemwita Kalamu Tatu, kwamba naweza kuyageuza yote kuwa Kiswahili. Akasema fanya. Nikakaa na kitabu cha mashine siku mbili, neno kwa neno, nikachapa vibandiko, nikavibandika Alhamisi. Kile kidirisha kidogo cha kila pampu, chenye kibati kinachogeuka kuonyesha kama umeme unafika kwenye mota, nikakiandika upande mmoja IMEFUNGWA na upande wa pili IMEFUNGULIWA. Mhandisi alikuwa atoe somo Jumatatu, akaitwa kwenye mkutano. Nikawaambia, ya nini somo, kila kitu kiko kwa Kiswahili, someni tu.

Jumanne ukasikia beringi ya namba mbili inalia. Tangi likajaa, pampu ikanyamaza. Enzi zako pampu ikinyamaza ni kwamba umeme umekatwa, basi. Hii mpya inanyamaza huku umeme unasubiri mlangoni. Sikio lisingekuambia. Wenzako waliobaki wangempigia simu Mhandisi wakaendelea na chai. Wewe peke yako ulikwenda kwenye kabati, ukavaa miwani, ukasoma. Halafu ukafungua kile kiboksi cha nyaya kwenye mota.

Hospitali uliniambia, "Nimesoma vibaya, Mama. Yale maneno mawili yanafanana." Na mimi, Mungu anisamehe, mbele ya muuguzi nikakujibu kwa hasira kwamba nilikuambia siku zote usome mara mbili. Uligeukia ukutani. Kwenye taarifa ya ajali wakaandika kwamba mwendeshaji alichanganya maandishi, na chini yake, penye shahidi, kuna sahihi yangu.

Sasa sikiliza. Ulipoondoka wakanipandisha cheo, lakini kwa sharti nipate cheti, kwa hiyo nikaanza darasa la jioni. Nilikwenda na kiburi changu chote, nikakaa nyuma, najua kila kitu. Mwalimu akachora njia ya umeme ubaoni, waya unazunguka na kurudi ulikoanzia. Akasema njia ikiungana, ikawa haina pengo, tunasema imefungwa, na hapo ndipo umeme unapita. Ikiwa na pengo tunasema imefunguliwa, na umeme haupiti. Nilikuwa nalijua hilo toka zamani, nikawa napiga miayo. Akanyoosha mkono fundi redio mmoja mwenye mvi, umri wako hivi, mstari wa mbele. Akauliza bila aibu, eti mwalimu, mimi nyumbani nikisema fungeni redio, wanangu wanaizima. Wewe unasema ikifungwa ndiyo inawaka? Mimi nyumbani kwangu nitaonekana mwendawazimu. Darasa zima likacheka. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote.

Nikatoka, nikapita dukani kununua mkate. Duka lina ubao mlangoni: TUMEFUNGA. Nikausoma, nikageuka niondoke. Hatua tatu, Baba. Hatua ya nne mguu haukwenda.

Nilisimama pale mpaka mwenye duka akatokea dirishani akaniuliza, binti, unaumwa? Nikamuuliza, samahani mzee, nikikuambia umeme umefungwa, unaelewa nini? Akaniangalia kama mtu aliyetoroka mahali. Akasema, naelewa hakuna umeme, kwani wewe unaelewa nini?

Baba, hukusoma vibaya. Kwenye kidirisha cha namba mbili paliandikwa IMEFUNGWA. Wewe ulisoma i-me-fu-ngwa, na NGWA yake yote. Ukaelewa anavyoelewa mtu yeyote aliyezaliwa na lugha hii: umeme umefungwa, haupo, mota ni salama. Mimi ndiye niliyeandika kinyume. Nilichukua neno la kitabu nikalivika Kiswahili bila kuuliza hata mtu mmoja. Ulipopigwa na umeme ukadhani basi paliandikwa IMEFUNGULIWA, yaani umeme upo, nawe hukuona vizuri. Na mimi nilipokusikia unasema umekosea, nikadhani umesoma IMEFUNGULIWA, ambayo kwangu mimi ilikuwa na maana kwamba umeme haupiti. Kila mmoja alikuwa na neno lake kichwani, tukaumia pamoja pale hospitali, na hatukuulizana ni neno gani.

Kuna kingine, nacho ni kibaya zaidi. Baada ya siku ile ya duka nilinyamaza wiki tatu. Nilikuwa nakwenda kazini, naviangalia vibandiko vyangu, nanyamaza. Shangazi anapiga simu ananiambia baba yako kanywea, hataki hata kuangalia gazeti, nami namjibu pole, atazoea. Niliogopa kazi yangu. Niliogopa zaidi uso wako. Sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mtu ambaye ningemwambia ni wewe.

Halafu vituo vingine viwili vikaomba vibandiko vyangu. Mhandisi akanisifu mbele ya watu, akasema chapa seti mbili. Nikachapa. Nikaviweka kwenye mkoba, nikavibeba siku nzima, na mkoba ukawa mzito kama nimebeba mota. Ijumaa nikamwekea mezani kwake nikamwambia viko kinyume, na ajali ni yangu, si ya baba yangu.

Mwanzoni alibisha. Akafungua kitabu akanionyesha kwa kalamu, tazama, hiki ndicho kitabu kinachosema. Nikamwambia, mheshimiwa, usiniulize mimi wala kitabu, muulize mlinzi. Akamwita. Akamuuliza, ukikuta pameandikwa umeme umefungwa, utashika waya? Mlinzi akasema, si umefungwa? Nitashika, nitakosaje kushika? Kalamu Tatu akakaa chini taratibu. Akazitoa kalamu zake zote tatu mfukoni akazilaza mezani, sijui kwa nini. Akasema amesoma miaka sita chuoni na kila siku alipita mbele ya lile kabati, na hakuona. Alasiri hiyohiyo tulivibandua vyote, yeye na mimi, kwa kucha.

Taarifa ya ajali inaandikwa upya. Sahihi yangu safari hii iko penye kosa. Cheo nimeondolewa, na ni haki, na kabati siligusi peke yangu mpaka nimalize darasa. Siku hizi nakaa mstari wa mbele karibu na yule fundi redio. Nauliza maswali ya kijinga. Juzi alinipongeza, eti Profesa sasa umeanza shule.

Sikuombi unisamehe kwenye barua, Baba. Hilo utaamua mwenyewe, kwa muda wako. Nakuomba kitu kingine. Ukurasa wa mwisho nimeandika maneno mapya ya kidirisha: UMEME UPO na UMEME HAUPO. Mimi nayaona mazuri. Lakini mimi ndiye niliyeiona IMEFUNGWA nayo nzuri. Mhandisi amesema, na hili ni neno lake, kwamba hakibandikwi kitu mle ndani mpaka Mzee Sikio akisome. Wewe unajua mtu anavyosoma akiwa na haraka, na mikono ina grisi, na miwani ina ukungu. Kama yanafanana, yakate, andika yako. Tumia mkono wa kushoto, herufi zikipinda zipinde, nitazisoma. Mimi ndiye nimezoea mwandiko wako kuliko mtu yeyote.

Vidirisha viko vitupu sasa hivi. Mhandisi amening'iniza kufuli kwenye mlango wa kabati, na ufunguo anao yeye. Tunakusubiri.

Nisalimie Shangazi na watoto wote wa hapo, na yule jirani mwambie pole ya jokofu. Fundi cherehani anasema ukirudi atakushonea glovu ya vidole vitatu, na asikusikie unabisha. Kikombe chako nimekiosha.

Ni mimi mwanao, uliyekuwa unaniita Mama.