Baba Mkwe Anamuuza Ng'ombe Asiye na Kosa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na unisaidie upesi, maana Jumamosi asubuhi mwenye bucha anakuja na kamba yake, na kosa ni langu mimi, si la ng'ombe.

Mimi ni fundi cherehani, naishi na mume wangu, watoto wetu wawili na baba mkwe, na huyu mzee, Mungu ampe umri, alifanya kazi miaka thelathini kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, yeye ndiye aliyekuwa akiyapima, na mpaka leo majirani wakihisi wameuziwa maziwa ya maji wanamletea, ananusa tu, anasema, "Haya yamebatizwa," wala hakosei, sasa mzee kama huyo tumbo lake likaanza kukataa maziwa, akinywa chai linanguruma utadhani lori linapanda mlima, mara huyo mbio chooni, mpaka suruali zake nikazipunguza kiuno mara mbili, na daktari akamwambia mbele yangu, "Mzee, umri umefika, achana na maziwa, jaribu ya soya," loo! Alisimama, akavaa kofia, akasema, "Mimi ninywe maji ya maharage? Wewe umesomea wapi?" Tukarudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.

Nikamwonea huruma jamani. Nikawa naloweka soya jioni, asubuhi namenya, nasaga, nachujia kitambaa cha bitana, nachemsha mpaka ile harufu ya maharage iishe, natia tangawizi bila huruma, nampelekea chai. Siku ya kwanza akanywa, akalamba midomo, akasema, "Haya ndiyo maziwa! Ya ng'ombe gani?" Nami kwa woga nikajibu, "Ya Kidosho, baba."

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, maana tuna ng'ombe wawili, Kidosho ni yule mdogo, na mkubwa anaitwa Mwenzangu, jina alilopewa na marehemu mama mkwe aliyemlea kwa chupa tangu ndama, na sasa ni wiki ya sita tumbo la mzee limetulia, mashavu yamerudi, na maziwa yenyewe wanayamaliza wanangu na paka, ambaye siku hizi hawezi tena kuruka dirisha, anafunguliwa mlango kama mgeni. Basi mzee akafikiri kwa akili zake: kama Kidosho ndiye dawa, Mwenzangu ndiye sumu. Akamwita mwenye bucha. Juzi nimemkuta bandani anamkuna Mwenzangu shingoni, machozi yanamtoka, anasema, "Kumbe ni wewe uliyekuwa ukiniua." Nilimweleza mume wangu, dereva wa lori, akasema, "Mimi simo," akawasha gari. Nikinyamaza, ng'ombe wa mama anachinjwa, nikisema, namwaibisha mzee wa watu mtaa mzima, pua yake ndiyo heshima yake. Nifanyeje?

Mimi, mkwe mwenye dhambi

*

Mwanangu fundi,

Kwanza nimecheka mpaka nikapaliwa. Kisha nikakasirika. Huruma yako naiona, na mzee amepona, sikatai. Lakini mtu mzima hatiliwi kitu kikombeni kwa siri, hata kiwe dawa. Tumbo ni lake. Je, kama soya nayo ingemdhuru? Ungemvika sanda ya bitana?

Halafu hii habari ya mtaa mzima umeitoa wapi? Siri mnaijua wewe na mumeo. Nani atakayeitangaza, paka? Aibu unayoiogopa ni yako, mwanangu, umemvisha mzee tu.

Mwambie leo. Usingoje Ijumaa, mwenye bucha huwa anawahi. Nenda bandani wakati anakamua, kwa sababu mtu aliyekaa kigodani na ndoo katikati ya magoti hawezi kusimama ghafla akavaa kofia. Usizunguke mbuyu. Sema hivi: "Baba, chai unayokunywa ni ya soya. Kidosho hana dawa na Mwenzangu hana sumu. Nimekudanganya mimi." Kisha funga mdomo. Usilie pia, maana ukilia ataanza kukubembeleza na kesi itakuwa imegeuka. Atakugombeza, na umestahili.

Akiuliza pua yake imekosaje, mpe ukweli: uliizamisha kwenye tangawizi. Hakuna mpimaji aliyewahi kuletewa maziwa yenye tangawizi, kwa hiyo hajashindwa, amehujumiwa. Kesho upike maziwa ya soya mbele yake, bila kiungo chochote, umpe anuse, aonje, aseme mwenyewe yana kasoro gani. Nadhani atakwambia huyachemshi ya kutosha. Akikataa, mpe chai ya rangi na usimfuate na sufuria nyumba nzima.

Na yule wa "mimi simo", mwambie yumo mpaka shingoni. Kazi yake ni kumpigia mwenye bucha simu na kumwomba asije, naye asikuachie wewe jambo hilo.

Mzee akimaliza kukugombeza, chukua ndoo utoke bandani. Ukiona anakawia, usimwite wala usimtume mtoto kuchungulia. Ana maneno na Mwenzangu, na hayo hayakuhusu.