Mfalme Aahirishe Yake

Jumatatu, 12 Mei

Zamu ya asubuhi, nyumba ya wazee. Nimeogesha, nimenyoa, nimelisha uji. Wote wimbo ni mmoja: Jumamosi binti wa mfalme anaolewa. Gauni, farasi, keki. Bendera ndogo hadi kwenye kigari cha chai! Bibi wa chumba cha mwisho kaniuliza kama nimefurahi. Nimemwambia mimi ni mtu wa jamhuri, madame. Kaniangalia kama mtu aliyeambiwa naumwa.

Babu wa babu yangu alibeba mizigo ya mfalme wa hawa Wabelgiji bila mshahara. Nishangilie nini? Mtu anazaliwa tu, tayari ana kazi. Mimi hii ya kuogesha wazee niliisotea.

Jumatano, 14 Mei

Jumamosi hiyohiyo binti yangu Zawadi anaolewa na Didier, komini ya Ixelles, ofisi ya serikali ya mtaa, saa tano asubuhi. Mapema kabisa Zawadi aliniomba tubadilishe tarehe: papa, njia zitafungwa. Nilikataa. Nilisema mbele ya ukoo mzima wa Didier: mfalme ndiye aahirishe yake. Walicheka sana. Nilijiona dume.

Leo hakuna anayecheka. Komini inakupa dakika zako chache. Ukichelewa, unapangiwa siku nyingine, huenda miezi mbele. Na shangazi zake Zawadi wameshafika kutoka Lyon.

Ijumaa, 16 Mei

Dereva wa magari tuliyokodi kapiga simu. Hapiti. Kila njia ina kizuizi.

Mama Zawadi hasemi nami. Anapika tu, sufuria zinagongana. Zawadi amelia bafuni, kafungulia bomba nisisikie. Nimesikia. Kichwa ngumu, mimi. Naogopa.

Jumamosi, 17 Mei

Tumepanda metro, treni ya chini ya ardhi. Naam! Bibi-arusi ndani ya metro, shela kaikunja mapajani, shangazi wamemzunguka kwa vikwembe, vitenge vya sare. Bon. Tumetokea juu kituo cha Porte de Namur: watu, watu, vyuma vya kuzuia njia. Polisi kasema hakuna kuvuka mpaka msafara wa mfalme upite. Saa tano imekaribia. Zawadi kaniangalia.

Dada yangu Furaha akapiga kigelegele. Cha hasira, si cha furaha. Wenzake wakamjibu. Mama mmoja Mbelgiji, taji la karatasi kichwani, akapaza sauti kumtakia bibi-arusi maisha marefu: "Vive la mariée!" Mtaa mzima ukapokea. Polisi naye akacheka, akavuta chuma pembeni.

Haki ya Mungu, tumepita njia ya mfalme kabla ya mfalme! Nikataka tukimbie. Furaha kanifokea: "Bibi-arusi hakimbiake!" Wakacheza hatua kwa hatua, taratibu, kama tuko Bukavu, nami jasho linanitoka. Bendera zinapepea kushoto na kulia, watu wanatupigia makofi. Mkono wangu, jamani, ukainuka wenyewe ukaanza kupunga. Zawadi alicheka mpaka wanja ukamwagika.

Tumeingia komini jina lake linaitwa mara ya pili. Didier alikuwa amekauka mlangoni. Wameoana. Nimelia mbele ya watu na sijali.

Jumapili, 18 Mei

Nimeamka saa nne. Mama Zawadi amenitengea chai, amesema nami. Sahani bado ni mlima.

Televisheni inarudia harusi ile nyingine. Mwishoni wameonyesha gari la maharusi likiondoka. Mfalme kabaki kwenye ngazi, mikono haijui iende wapi. Watu wanamshangilia, yeye anatazama kona lilikopotelea gari.

Sijabadilika. Kiti cha kurithi sikitaki hadi nife.

Nimezima. Nimeenda kukaa kidogo kwenye kitanda cha Zawadi.