Shikamoo Iliyotoka Kwenye Shuka

Soga, Jumanne, baada ya alasiri

Mdogo wangu Zuhura binti Selemani, uliyeko Msimbu,

Shikamoo yako ilinifikia kabla ya masika, na marahaba yangu inatoka leo, mihogo ikiwa imekwisha kung'olewa. Niwie radhi. Barua yako haikupotea. Ilikuwa mfukoni mwa koti langu siku zote hizo. Nilinyamaza kwa sababu uliniomba neno moja, nami sikuweza kuliandika. Je, hujambo? Kifua chako kimepoa? Na mkwe wangu Mwanahawa, bado analima lile shamba la bondeni peke yake? Mimi mguu haujapona. Kidonda hufunga, kisha hufumuka. Ukarani wangu hapa kwenye shamba la katani naufanya nimekaa, mguu juu ya sanduku, na safari ya kuja nyumbani siioni.

Sikulisahau ombi lako. Shehe hawezi kumsomea hitma mwanangu Ramadhani, wala kumwingiza Mwanahawa katika eda, mpaka mimi baba niandike kwa mkono wangu kwamba nimekata tamaa naye. Ni miaka sita tangu alipopanda treni kwenda bara kutafuta kazi, na hatujapata barua wala salamu. Uliniandikia maneno ya Mwanahawa mwenyewe: "Shangazi, mimi si mke wala si mjane, mimi ni kitasa cha nyumba ya watu." Ni maneno makali, lakini hayana kosa. Na yule mkulima wa Chole anayetaka kumwoa hatangoja milele.

Sasa nikueleze kilichonitoa katika kimya.

Wiki iliyopita gari la sinema lilikuja hapa kwa maonyesho ya jioni tatu, uwanjani karibu na stesheni. Unaujua udhaifu wangu huo. Tangu nilipoiona sinema mara ya kwanza Dar es Salaam, nilipokuwa mwalimu, sijaikosa kila nilipoweza kuifikia, ingawa mara nyingi mchezo wenyewe ni wa kipuuzi. Watu walitoka hata Mlandizi kwa miguu, na mikeka yao kwapani. Shuka jeupe lilifungwa baina ya miti miwili. Mimi nilipewa kiti mbele kwa ajili ya mguu.

Picha zile hazina sauti. Anayesema ni mtu aliyekaa garini na kipaza sauti. Huwasemea wote, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto. Jambo hilo nalijua vizuri. Lishike, kwa kuwa mimi nililisahau.

Jioni ya kwanza, baada ya magharibi, tulionyeshwa mpira, kisha mtu aliyemvuta punda na punda akamvuta yeye, watu wakacheka mpaka wakalaliana. Kisha ikaja picha ya kutufundisha kuchemsha maji ya kunywa. Akatokea kijana na debe begani. Akalitua, akainama mbele ya mzee mmoja.

Alikuwa Ramadhani. Zuhura, sisemi mtu aliyefanana naye. Ni lile bega la kushoto analolishusha kama marehemu baba yetu. Nimemkemea kwa bega hilo tangu utoto wake. Akafungua kinywa, na sauti ikatoka: "Shikamoo, mzee!"

Nikasimama, mguu na maumivu yake, nikaitikia: "Marahaba, mwanangu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Karani kasalimiwa na shuka!"

"Mwulize na habari za nyumbani, Mzee Athumani!"

"Keti, mzee, unatuzibia! Huyo kesho atakuja kwako kula!"

Nikaketi. Picha ilikuwa imekwisha kupita.

Usiku ule furaha ilininyima usingizi. Nakuambia kweli, nilikwisha kuitunga barua ya kumwambia Mwanahawa asiolewe. Jioni ya pili nilimwendea yule msemaji kabla hajawasha mashine. Nikamwuliza picha ile ilipigwa wapi, na lini.

"Mzee wangu," akasema, "mimi nimekabidhiwa mkebe tu. Picha hii nimeikuta kazini, na imeungwaungwa mpaka imekuwa kama kanzu ya mwalimu wa chuo cha Kurani."

"Na yule kijana wa debe, alisema nini hasa?"

"Sijui. Mimi husema linalofaa. Labda alisema amechoka."

Jioni ya tatu nilimwomba anyamaze pale tu, Ramadhani atakapofungua kinywa. Akakubali, kwa kustahi mvi zangu. Ulipofika wakati, watu wakapiga kelele: "Sauti! Sauti! Msemaji kalala!" Mimi nilikikazia macho kinywa cha mwanangu. Kilifunguka mara mbili, kikafunga. Sikuambulia neno. Ndipo macho yangu, kwa kukosa pa kwenda, yakatazama nyuma yake. Nikakiona kisima. Ni kisima chetu, na ule mkorosho uliopinda. Na kisima hakina ukuta. Ukuta ule Ramadhani mwenyewe aliubebea mawe mwaka aliooa. Nikaikumbuka barua yako ya zamani sana, iliyosema kwamba Wazungu wamekuja kuwapiga watu picha kisimani. Wakati ule nilidhani ni picha za karatasi.

Basi niliyemwona ni Ramadhani wa kabla hajaoa, sembuse kuondoka. Kwa siku mbili nilikuwa na mwana aliye hai. Nikarudi kambini nikiegemea fimbo, na hakuna aliyenicheka tena, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Mwezi ujao gari hilo litafika Kisarawe, na Msimbu pia, kwa alivyoniambia yule msemaji. Watu watamtambua, na kelele zitamfikia Mwanahawa kabla hajaona. Usimkataze kwenda, ni mumewe. Ila mweleze mapema kwamba sauti ni ya mtu wa garini, na kwamba kisima hakina ukuta. Kaa karibu naye. Akitaka kuitikia, mshike mkono, lakini usimzibe kinywa.

Akili yangu inaniamuru niandike lile neno hapa hapa, chini ya mstari huu. Kalamu ina wino, ila mkono umekataa. Matumaini sina, Zuhura. Lakini kukosa matumaini ni jambo moja, na kuyakana kwa hati yangu mwenyewe mbele ya shehe ni jambo jingine. Ijumaa nitapelekwa Mlandizi kwa mkokoteni, nikazungumze na shehe wa huko, mzee mwenzangu.

Nisalimie shemeji yangu, mume wako. Na yule bibi mkunga aliyempokea Ramadhani. Na jirani yetu mchonga vinu aliyemfundisha kushika tezo. Msalimie pia yule bwana wa Chole, kwa heshima. Hana kosa.

Nikishaamua nitaandika, na barua hiyo itakuwa fupi. Ikifika, asomewe Mwanahawa kabla ya shehe.

Mimi kaka yako,
Athumani bin Selemani