Salamu Zilizojaza Karatasi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mlabani hatujambo; mguu wa babu yako umepona. Unauliza kwa nini mwalimu wako wa chuo anataka blogu ianze na jambo lenyewe, tena iwe na vichwa vya habari na nafasi kati ya aya.

Nikiwa msichana nilimwandikia baba, aliyekuwa mbali, kibarua wa mashamba ya miwa. Nilijaza salamu za kila mtu, hadi majirani, kisha nikabana pembeni mwa karatasi: “Mto unapanda, njoo tuvune.” Baba hakujua kusoma; rafiki aliyemsomea aliishia kwenye salamu. Mpunga ukazama.

Baba alirudi na barua mfukoni, akanisifu: “Mwanangu, hukumsahau mtu!”

Nina hamu ya kuisoma blogu yako. Nitaanzia pembeni.

Bibi yako